Mgeni wa Miaka Thelathini



Ndugu msomaji, nakukaribisha tena barazani petu. Juma hili nilikusudia kuendeleza mazungumzo yetu juu ya matumizi ya nyumbani. Lakini Alhamisi iliyopita, baina ya Magharibi na Isha, alinijia mgeni mwenye swali, na swali lake likaninyima usingizi. Nimeona tulichukue pamoja, kwani naamini si lake peke yake.

Mgeni huyo ni binti wa mtaani petu, niliyemjua tangu akisoma chuoni. Ameolewa miaka 12 sasa na kijana wa Kibarawa, na Mwenyezi Mungu amewaruzuku watoto watatu. Mumewe aliletwa Mombasa akiwa na umri wa miaka minne, mikononi mwa mamake, katika mashua iliyojaa watu waliokuwa wakiikimbia vita ya Somalia. Hivi leo ndevu zake zimeanza kuingia mvi, na Kimvita anakisema vyema kuliko wajukuu zangu. Lakini kitambulisho kilicho mfukoni mwake ni cha mkimbizi.

"Shangazi," akaniambia, "mume wangu amesikia kwamba Somalia sasa imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kwamba wakimbizi wa nchi za Jumuiya wanaweza kurudisha kadi zao, waishi hapa kama wanajumuiya wengine. Je, aende akairudishe? Na hawa watoto? Nilipokwenda kuwatafutia vyeti vya kuzaliwa, niliambiwa dirishani kwamba mtoto humfuata babake, kwa hivyo nao ni wakimbizi."

Sikumjibu papo hapo. Nilimwomba anipe siku chache, nikauliza wanaoijua sheria, nikasoma niliyoweza kusoma. Jibu lake ninalo, nami nitalitoa mwishoni, kwa sababu halifahamiki vyema mpaka mtu ajue njia tuliyoipita mpaka tukafika hapa.

Wageni wa Utange

Wasomaji wa umri wangu wanaukumbuka mwaka 1991. Mwezi wa Januari mwaka ule serikali ya Siad Barre ilianguka, na Somalia ikavunjika vipande vipande. Watu wa mwambao, yaani Wabarawa, Wabenadiri wa Mogadishu na Wabajuni wa visiwa vya Kismayu, hawakuwa na ukoo wenye bunduki wa kuwakinga. Waliporwa, wakavunjiwa heshima, na wengi wakaingia baharini. Pwani yetu iliwapokea. Kambi zikafunguliwa kando ya mji wa Mombasa, na iliyojulikana zaidi ni ile ya Utange.

Mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akipeleka sufuria ya wali Utange kila Ijumaa, nami nikimsaidia kubeba. Nakumbuka bibi mmoja wa Kibarawa aliyeipokea sahani yake, akatuombea dua, kisha akamwuliza mama kama alikuwa na kitambaa cha kushonwa. Hakutaka kula wali wa bure. Alikuwa mshonaji wa kofia, na mikono yake ilikuwa ikiumwa kwa kukosa kazi. Tangu siku ile mama akawa anampelekea vitambaa na nyuzi pamoja na wali, na sikukuu iliyofuata wanaume wa mtaa wetu walisali Idi na kofia zake vichwani.

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 kambi za pwani zilifungwa. Baadhi ya watu walirejea kwao, wengine walipata njia ya kwenda ng'ambo, na wengine walihamishiwa Dadaab na Kakuma, mbali na bahari waliyoizoea. Bibi yule sikumwona tena. Kofia yake moja ninayo mpaka leo.

Desturi kongwe kuliko mikataba

Tusidhani kwamba hifadhi ya mkimbizi ni jambo tulilofundishwa na Wazungu. Mkimbizi wa kwanza wa Kiislamu alikimbilia upande huu wetu wa dunia. Yapata mwaka 615 Miladia, Waislamu wachache walivuka Bahari ya Sham wakaingia Habasha, na miongoni mwao walikuwamo wanawake, akiwemo Bibi Ruqayya binti ya Mtume (s.a.w.). Maquraishi walipotuma wajumbe wenye zawadi kwenda kuwadai warudishwe, Najashi hakukubali kuwatoa kabla ya kusikiliza. Aliwaita wakimbizi, akawauliza, akazisikia pande zote mbili, kisha akakataa kuwatoa. Habari hii tumeipokea kwa Bibi Umm Salama (r.a.), aliyekuwako mwenyewe kama mkimbizi.

Hapo yamo mambo mawili ambayo sheria za leo zimeyaandika kwa maneno yake: kwamba mkimbizi asikilizwe kabla ya kuhukumiwa, na kwamba asirudishwe mikononi mwa anayemtesa. Kanuni hiyo ya pili, ya kutomrudisha mtu penye hatari, ndiyo nguzo ya hifadhi yote. Ikianguka hiyo, chakula na mahema ni mapambo tu.

Mkataba wa Waafrika

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951 uliandikwa baada ya Vita Vikuu vya Pili, na macho ya walioutunga yalikuwa Ulaya. Uliwahusu waliokimbia kwa matukio ya kabla ya 1951, mpaka itifaki ya 1967 ilipouondoa mpaka huo wa tarehe. Tena ulimtaka mkimbizi awe na hofu ya kweli ya kuteswa kwa sababu ya kabila lake, dini yake, uraia wake, kundi lake au msimamo wake wa kisiasa.

Afrika ya miaka ya 1960 ilikuwa na jambo jingine. Vijiji vizima vilikuwa vikihama kutoka Msumbiji, Angola, Guinea-Bissau, Sudan na Rwanda. Utamwulizaje mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni na sufuria kichwani athibitishe kwamba adui anamtafuta yeye kwa jina? Kwa hivyo, tarehe 10 Septemba 1969, wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Addis Ababa wakapitisha mkataba wao. Waliupanua mlango: mkimbizi ni pia yule aliyelazimika kuhama kwa sababu ya uvamizi wa kigeni, utawala wa kigeni, au fujo kubwa iliyoivuruga amani katika sehemu ya nchi yake au nchi nzima.

Dada zangu, kipengele hicho kinawahusu wanawake kuliko tunavyodhani. Bibi wa Utange hakuwa mwanasiasa. Hakuandika gazeti wala hakugombea cheo. Alikuwa mshonaji ambaye mji wake uliporwa. Chini ya mkataba wa Kiafrika hilo peke yake linatosha.

Mkataba ule ulisema mengine ya busara. Ulisema kwamba kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na utu, wala nchi atokayo mkimbizi isilihesabu kuwa uadui. Ulikataza kumfukuzia mtu mpakani. Ulitaka kurejea nyumbani kuwe kwa hiari ya mkimbizi mwenyewe. Na ulizitaka nchi zisaidiane pale mmoja wao anapolemewa na mzigo. Ulianza kutumika tarehe 20 Juni 1974, na Kenya ikajiunga nao mwaka 1992, wakati wageni walikuwa wamekwisha kujaa uani.

Lakini mkataba huo una pengo, nalo tumelilipia sana. Unasema mengi juu ya kuingia kwa mkimbizi na juu ya kurudi kwake, na machache mno juu ya maisha yake baina ya siku hizo mbili. Walioutunga walidhani uhuru utakuja upesi, na wageni watarejea. Hawakumfikiria mgeni wa miaka 30.

Mgeni siku mbili

Wahenga wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia methali hii kumsimanga mgeni. Mimi naisoma vingine. Mwenye nyumba anaambiwa asimweke mgeni kitini milele, amtie katika shughuli za nyumba, amwamini na shamba. Anayempa mtu jembe amemkubali.

Sisi Kenya, kwa miaka mingi, tulimpa mgeni sahani tukamnyima jembe. Dadaab ilianza mwaka 1991 kwa kambi tatu, Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilizokusudiwa watu 90,000. Mwaka 2011, ukame na vita vilipokutana, idadi yao ilipita 400,000. Kakuma ilifunguliwa 1992 kwa waliotoka Sudan, wakiwemo maelfu ya watoto wa kiume waliotembea peke yao. Sera ilikuwa ya kambi: mkimbizi akae kambini, na akitaka kutoka aombe ruhusa. Mwalimu mkimbizi au muuguzi mkimbizi hakulipwa mshahara bali posho, ndogo mno kuliko malipo ya Mkenya aliye darasani au wodini pamoja naye. Wanawake waliotoka kwenda kuokota kuni walivamiwa vichakani. Na watoto waliozaliwa kambini wamezaa watoto wao kambini.

Kisha zikaja siku za hofu. Mashambulizi ya kigaidi yaliyoiumiza nchi yetu yaliwaelekezea wakimbizi kidole. Uchungu wa waliofiwa ni wa haki, na wajibu wa serikali kuwalinda raia wake hauna mjadala. Lakini adhabu ya pamoja si uadilifu. Desemba 2012 serikali iliamuru wakimbizi wote wa mijini waende kambini. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ikaifuta amri hiyo. Mei 2016 serikali ilitangaza kwamba Dadaab itafungwa. Tarehe 9 Februari 2017 Mahakama Kuu ikasema tangazo hilo linakwenda kinyume na Katiba, kwa sababu liliwalenga watu kwa asili yao na lingewarudisha penye hatari. Mwaka 2021 likaja tangazo jingine la kufunga, Dadaab na Kakuma kwa pamoja, kabla ya mwisho wa Juni 2022. Kambi zikabaki. Hebu fikiria mama anayelea watoto chini ya matangazo ya namna hiyo, kila baada ya miaka michache akiambiwa kwamba nyumba yake itabomolewa.

Majirani walivyofanya

Tuangalie ua wa jirani, kwani nchi za eneo letu hazikushika njia moja.

Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2006, humruhusu mkimbizi kufanya kazi na kwenda atakako, na katika makazi yake humpa kipande cha ardhi alime. Leo inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, idadi isiyofikiwa na nchi nyingine yoyote ya Afrika. Wenyewe wanakiri kwamba vipande vya ardhi vinazidi kuwa vidogo na fedha za wahisani zinapungua. Lakini jembe walilitoa siku ya tatu.

Tanzania ina historia yenye nyuso mbili. Mwalimu Nyerere alipewa Tuzo ya Nansen mwaka 1983 kwa ukarimu wa nchi yake. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa mashamba Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na kufikia mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia watu wapatao 162,000 miongoni mwao na watoto wao. Kule Chogo, wilayani Handeni, iliwapokea Wazigua wa Somalia, ambao mababu zao waliuzwa utumwani kutoka mwambao huohuo. Watu waliochukuliwa kwa minyororo katika karne ya kumi na tisa wakarejea kama wakimbizi, wakapewa ardhi na uraia. Hata hivyo, mwaka 2018 Tanzania ilijiondoa katika mpango wa kimataifa wa kuwajumuisha wakimbizi, ikitaja usalama na uhaba wa fedha, na Warundi waliofika baadaye hawakuuona mlango uliokuwa wazi kwa waliowatangulia.

Na tusisahau kwamba mwenyeji naye hugeuka mgeni. Januari 2001, baada ya wapinzani kuuawa kwa risasi katika maandamano ya Zanzibar, watu zaidi ya 2,000 walivuka kutoka Pemba kwa mashua wakashukia Shimoni. Walikuwa wajomba zetu na shangazi zetu. Walipelekwa Dadaab, na baada ya muafaka wa mwaka ule wengi wao wakarejea kwao. Nani angeliwaza kwamba Tanzania, kimbilio la wengi, ingetoa wakimbizi?

Ethiopia nayo, Januari 2019, ilipitisha sheria inayomfungulia mkimbizi mlango wa kufanya kazi na kwenda huku na huko. Na kwa pamoja, nchi za IGAD zilikutana Nairobi Machi 2017, wiki chache baada ya hukumu ile ya Dadaab, zikatoa Azimio la Nairobi juu ya wakimbizi wa Kisomali: waliokimbia waendelee kulindwa, wanaorejea wasaidiwe, na waliobaki wapewe nafasi ya kujitegemea. Desemba mwaka huohuo, mjini Djibouti, zikaahidi kuwaingiza watoto wakimbizi katika mitaala na shule za taifa. Machi 2019, mjini Kampala, zikaahidi kazi na riziki. Maazimio ni maneno, na maneno hayajazi chungu. Lakini yanaonyesha kwamba eneo zima limeanza kutambua kuwa kambi si jibu.

Sheria mpya na mlango mpya

Kenya nayo imebadilika. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi kwa ujuzi wake na kushiriki uchumi wa mahali alipo. Kutokana nayo, Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza Dadaab na Kakuma ziwe miji ya kawaida, ambamo mkimbizi na mwenyeji watatumia shule moja, hospitali moja na soko moja. Nchi yetu sasa ina wakimbizi zaidi ya 800,000, na mwaka huohuo wa 2025, wahisani walipokata fedha, posho ya chakula kambini ilipunguzwa mno. Mtu asiyepewa chakula wala ruhusa ya kukitafuta, atakula nini?

Wenyeji wa Turkana na Garissa wana hofu zao, nazo si za kupuuzwa. Maji ni yao, malisho ni yao, na wengi wao ni maskini sawa na mkimbizi. Katika miaka ya njaa, maelfu ya Wakenya wa Garissa na maeneo jirani walijiandikisha kambini kama wakimbizi ili wapate unga na dawa. Watoto wao walipokua wakaomba vitambulisho vya taifa, mashine iliwaonyesha kuwa ni wakimbizi. Mzazi alikuwa akitafuta shibe ya siku moja, na mwana akapoteza nchi yake kwa miaka. Ewe msomaji wa Tana River au Garissa, ukikutwa na njaa, omba kila msaada wa halali, lakini usimwandikishe mwanao asiye mkimbizi kuwa mkimbizi.

Sasa tufike kwenye Jumuiya. Sudan Kusini iliingia mwaka 2016, Kongo mwaka 2022, na Somalia ikawa mwanachama kamili Machi 2024. Kwa hivyo, wengi wa wakimbizi walioko Kenya leo ni raia wa nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Na ni kweli, sheria ya 2021 inaruhusu mkimbizi anayetoka nchi ya Jumuiya kuacha kwa hiari hadhi yake ya ukimbizi, ili anufaike na haki za wanajumuiya za kusafiri, kukaa na kufanya kazi. Aliyosikia mume wa binti yetu hayakuwa uzushi.

Lakini hadhi ya mkimbizi na haki ya mwanajumuiya si kitu kimoja. Mwanajumuiya anakuja na pasi ya kwao, na serikali ya kwao nyuma yake. Mkimbizi ni mtu ambaye serikali ya kwao ilishindwa kumlinda. Anayeiacha hadhi hiyo anaiacha pia ile kanuni ya Najashi, ya kutorudishwa penye hatari. Tena, nchi kujiunga ni jambo moja, na kuyatekeleza makubaliano ya soko la pamoja, pamoja na nyaraka zake, ni jambo jingine linalochukua miaka.

Jibu la swali

Binti yangu, nakujibu hapa mbele ya wenzako, kwani wapo wenye swali kama lako.

Kwanza, mumeo asiirudishe kadi yake kwa habari ya barazani. Mtu haachi mashua kabla mguu haujagusa mchanga. Kabla ya kuamua, na aone wakili au taasisi ya msaada wa kisheria, aulize: nikiiacha hadhi hii, nitapewa waraka gani badala yake, utadumu muda gani, na je, utanilinda nisirudishwe? Asipopata jibu la maandishi, na asubiri.

Pili, upo mlango mwingine ulio karibu naye zaidi, nao umo nyumbani mwako. Katiba ya 2010, Ibara ya 15, inasema kwamba aliyekaa katika ndoa na raia wa Kenya kwa miaka isiyopungua saba ana haki ya kuomba kuandikishwa kuwa raia, kwa masharti yaliyowekwa na sheria. Katiba ya zamani ilimpa haki hiyo mke wa kigeni aliyeolewa na Mkenya, ikamnyima mume wa kigeni aliyemwoa Mkenya. Leo mwanamke na mwanamume wako sawa katika jambo hilo. Nyinyi mna miaka 12.

Lakini nilipokuuliza cheti cha ndoa, uliniambia kwamba nikaha yenu ilisomwa nyumbani, mahari yakatolewa, walii na mashahidi walikuwapo, na hamkuandikisha popote. Mbele ya Mwenyezi Mungu ndoa yenu ni sahihi. Mbele ya afisa, itabidi uithibitishe. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa zote ziandikishwe, na za Kiislamu zimo. Nenda na mumeo kwa Kadhi, mchukue na mashahidi walio hai, muulize namna ya kuiandikisha. Msingoje mpaka mashahidi wafe.

Tatu, na hili ndilo lililonifurahisha kulijua na kunisikitisha kwamba hukuambiwa: wanao si wakimbizi. Ibara ya 14 inasema kwamba mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama yake au baba yake ni raia. Wewe ni Mkenya, binti wa Mkenya. Watoto wako walikuwa Wakenya tangu pumzi yao ya kwanza, na wala hawakuingoja kadi ya baba yao. Aliyekuambia dirishani kwamba mtoto humfuata babake alichanganya nasaba na uraia. Kwa nasaba, wanao watanasibishwa na baba yao, kama ilivyo katika dini yetu. Kwa uraia, wanakufuata na wewe pia. Rudi pale dirishani na kitambulisho chako na karatasi za kliniki. Ukikataliwa, omba jawabu kwa maandishi, kisha uende nalo kwa msaada wa kisheria.

Lakini, msomaji, uelewe na upande wa pili. Mtoto wa wazazi wote wawili wakimbizi, hata akizaliwa Mombasa, hawi Mkenya kwa kuzaliwa hapa tu. Hata hivyo ana haki ya cheti cha kuzaliwa, na cheti hicho ndicho kitakachosema siku moja kwamba alizaliwa, wapi, na kwa nani. Asiye na cheti hicho anaweza kukosa nchi zote mbili.

Yaliyo mikononi mwetu

Sera hutungwa Nairobi, Addis Ababa na Arusha, na sisi hatumo katika vyumba hivyo. Lakini mengi hutendeka jikoni na mlangoni petu. Anayemwoza binti yake kwa mkimbizi na aiandikishe ndoa juma hilohilo. Anayezaa na amwandikishe mtoto kabla ya arubaini kutimia. Aliye na mfanyakazi mkimbizi nyumbani asimpunguzie ujira kwa kuwa anajua hawezi kwenda kushtaki; huo ni udhalimu, na dua ya aliyedhulumiwa haina pazia. Aliye katika kamati ya madrasa au ya shule asimrudishe mtoto kwa lafudhi yake. Na akija mwanasiasa kutuomba kura kwa kuwatukana wageni, tumkumbushe mashua za Shimoni.

Binti yule alipoondoka kwangu baada ya kumsomea haya, aliisimamisha hatua mlangoni akaniuliza, "Kwa hivyo miaka yote hii nilikuwa na ufunguo mimi?" Nikamwambia ndiyo, mwanangu, ufunguo ulikuwa mkobani mwako. Akacheka, kisha akalia kidogo. Jumatatu, inshallah, watakwenda kwa Kadhi.

Mwenyezi Mungu awarejeshe kwao kwa amani wanaotaka kurejea, awape nafasi wanaobaki, na atujaalie sisi tuwe wenyeji wema leo, kwani hatuijui kesho yetu. Amin.

Tukutane juma lijalo, inshallah.